Kigoma–Manyovu–Kasulu kwa siku moja, Boxer 150, watu wawili: nijipange vipi?

mkazi_buzebazeba:
Wakuu, habari za leo. Jumamosi nataka kumtembeza mke wangu milimani: Mwandiga, Kalinzi, Manyovu, tutokee Kasulu, turudi kwa njia ya Kidahwe. Pikipiki ni Boxer 150, breki za shuu mbele na nyuma. Sisi wawili pamoja hatupungui kilo 145. Kinachonitia wasiwasi ni miteremko na cheni. Nianzie upande upi, na upepo niweke kiasi gani?

fundi_mwanga:
Mkuu, anza na Manyovu. Pale Mwandiga shika kushoto, upande mlima asubuhi injini ikiwa haijachoka, kisha urudi kwa lami pana ya Kasulu–Kidahwe. Ukigeuza, mteremko mkali wa Manyovu utakukuta jioni, mikono imechoka na breki zimeshakula kazi ya siku nzima.

Duara lote ni kama kilomita 230. Kwa watu wawili na vilima, hesabu lita 1 kwa kilomita 40, yaani karibu lita 6. Ukijaza tenki mjini hutahitaji petroli ya chupa za njiani.

Kabla ya kutoka:

Upepo mbele PSI 25, nyuma PSI 32. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi.

Cheni usiipime pikipiki ikiwa tupu. Mwambie shemeji akae nyuma, wewe ukae mbele, mtu wa tatu aisukume cheni katikati kwa kidole. Icheze milimita 25 hadi 35. Abiria akikaa, springi zinashuka na cheni inakaza. Iliyoonekana sawa bila mtu inakuwa kama uzi wa gitaa, inakula beringi na sproketi. Zungusha gurudumu pia, upime sehemu tatu, maana cheni iliyochakaa hukaza hapa na kulegea pale.

Shokapu za nyuma zina ringi yenye ngazi chini ya springi. Panda ngazi moja au mbili, pande zote mbili zilingane. Zikiwa laini mno nyuma inakaa chini, taa inatazama juu, unawapofusha wanaokuja na wewe mwenyewe huoni barabara.

kijana_wa_gungu:
Upepo 32 ni mwingi bwana, shemeji atarushwa kila shimo. Weka 22 nyuma, safari laini.

fundi_mwanga:
Hapana ndugu yangu. Tairi laini yenye watu wawili inateleza juu ya ringi, tyubu inavutwa, valvu inakatika shingoni. Hapo kiraka hakisaidii, ni tyubu mpya. Ukikuta shimo, ringi inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Ulaini utafute kwenye mwendo: kilomita 50 kwa saa milimani inatosha.

Sasa mteremko. Vilima vya huko vinapita mita 1,500 na ziwa letu liko kama 770, kwa hiyo mahali fulani lazima ushuke. Kanuni ni moja: shuka na gia ambayo ungepandia kilima hicho hicho, mara nyingi ya pili au ya tatu. Tabia ya kuachia nyutro ili kubana mafuta ndiyo inayoua. Shuu zinabeba uzito wote, zinapata moto, zinang'aa kama kioo, kisha pedali inakanyagika bila pikipiki kupungua. Ukinusa harufu ya kuungua, simama robo saa. Usimwage maji kwenye habu ya moto. Bana breki, achia, bana tena. Usiishikilie moja kwa moja.

Ukiona injini imelegea kidogo huko juu usihangaike na kabureta. Hewa ni nyepesi. Shusha gia mapema.

bibi_kahawa:
Mmesahau abiria. Dada asikae upande kwa safari hii. Uzito unalalia upande mmoja na kwenye kona hana pa kujishikilia. Suruali, au sketi pana juu ya suruali, viatu vya kufunga. Kanga na dera ndiyo hatari kubwa: ncha inashikwa na spoku au cheni, inamvuta mtu chini kabla dereva hajajua. Kile chuma cha upande wa kushoto cha kuzuia nguo wengi hukiona mzigo wakakitoa. Kama umekitoa, kirudishe.

Akishuka, mguu wa kulia aupitishe mbali na ekzosi. Kwenye kona atazame bega lako la upande mnaoelekea, mwili utafuata wenyewe. Mkisimama, miguu yake ibaki juu mpaka useme. Kofia ngumu mbili, za kufunga kidevuni, si ile moja ya kupokezana.

Na mpumzike kila saa moja. Kalinzi ni pazuri pa kusimama, mashamba ya kahawa yako kando ya barabara.

mkazi_buzebazeba:
Nashukuru sana. Saa ngapi kuondoka? Na vifaa?

fundi_mwanga:
Saa 1 asubuhi. Jua la Kigoma linachelewa karibu dakika 40 nyuma ya Dar, kabla ya hapo ni giza bure. Beba tyubu ya nyuma, pampu, vyuma viwili vya kubandulia tairi, spana ya nati ya gurudumu, plagi na kiungo cha cheni. Manyovu ni mpakani, kwa hiyo vitambulisho vya NIDA vyenu wote wawili, leseni, bima na kadi ya pikipiki. Kabla ya kuikamata njia ya Kasulu waulize bodaboda wa pale hali ya barabara. Kama usiku mvua ilinyesha na kuna mchepuko wa udongo mwekundu, rudini mlikotoka, kwa gia ya pili.