Kijitabu cha gofu kinawadanganya watoto kuhusu aliyebuni tii, na wahusika hawajali!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha.

Klabu moja (jina naliacha) imewagawia watoto wanaojifunza gofu kijitabu chenye ukurasa wa historia. Kimeandikwa kwamba tii, kile kidude cha kuukalisha mpira juu ya ardhi kabla ya kuupiga, ilibuniwa na William Lowell, daktari wa meno wa New Jersey, miaka ya 1920. Nimemfuata mhusika kumweleza, nikajibiwa: "Kaka, hayo ni mambo madogo, watoto wanataka kupiga mpira tu." Madogo kwa nani?

Hataza (hati ya serikali ya kulinda haki ya mbunifu) namba 638,920 ya Marekani ilitolewa tarehe 12 Desemba 1899. Mwenye nayo ni Dkt. George Franklin Grant wa Boston, daktari wa meno pia, Mmarekani mweusi aliyezaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alihitimu udaktari wa meno Harvard mwaka 1870, kisha akawa mtu mweusi wa kwanza kufundisha hapo. Waliozaliwa na kaakaa lililopasuka aliwatengenezea vifaa vya kuwawezesha kusema vizuri. Huyo ndiye aliyefutwa kijitabuni!

Hawa watoto hata hawaambiwi adha iliyokuwepo. Zamani, pale pa kuanzia kila shimo palikuwa na sanduku la mchanga na maji ya kuulowesha. Kedi, yaani msaidizi anayembebea mchezaji fimbo, anachota, anaufinya kwa vidole mpaka usimame kama kichuguu, ndipo mpira unawekwa juu. Mchanga ukiwa mkavu unamomonyoka, ukizidi maji unashuka, kazi inaanza upya. Halafu kwa vidole hivyo hivyo vyenye mchanga unashika fimbo. Grant akachonga kijiti cha mbao chenye ncha ya kuchomeka ardhini, juu akakivisha kirija cha raba cha kuukalisha mpira. Fimbo ikipita, raba inapinda na pigo halizuiliki.

Hakukiuza. Aliwagawia marafiki aliocheza nao, akafariki mwaka 1910. Hapo ndipo watu wanapomnyang'anya haki yake, eti kwa kuwa hakufanya biashara basi hahesabiki. Tangu lini muuzaji akawa ndiye mbunifu?

Lowell simnyimi lake. Tii zake nyekundu, Reddy Tee, alizifanyia biashara ya nguvu. Mwaka 1922 aliwalipa wachezaji gofu maarufu Walter Hagen na Joe Kirkwood dola 1,500 ili wazitumie kwenye ziara yao ya maonyesho, watazamaji wakawa wanazigombania. Andikeni basi kwamba alizieneza. Kueneza siyo kubuni, na kati yake na hataza ya Grant kuna zaidi ya miaka 20.

Na ninyi mnaomtetea Grant kwa kudai ndiye wa kwanza duniani, mnaniharibia kesi! Mnawapa wapinzani mwanya wa kutucheka. Waskoti wawili, William Bloxsom na Arthur Douglas, walipata hataza ya Uingereza mwaka 1889. Tii yao ililala juu ya nyasi bila kuchomekwa. Mwaka 1892 Mwingereza Percy Ellis akaja na Perfectum, ya raba yenye msumari wa kuingia ardhini. Kijiti cha mbao cha Grant ni hatua nyingine tena, na ukikitazama kwenye mchoro utaona kilivyo karibu na hizi tulizonazo mifukoni leo. Ukweli unamtosha, hana haja ya kuongezewa chumvi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 1934 chama cha wachezaji wa kulipwa Marekani, PGA, kiliweka kifungu cha kupokea Wazungu peke yao, na hakikukifuta mpaka 1961. Miaka yote hiyo tii ziko viwanjani, na mtu mweusi hawezi kuwa mwanachama. USGA, chama kinachosimamia gofu Marekani, wenyewe walikuja kumtambua Grant mwaka 1991. Sasa aliyeandika kijitabu hiki juzi ana kisingizio gani?

Ninachotaka ni ukurasa mmoja uchapishwe upya. Maneno ya kuweka nimeshaandika na kuyapeleka, bado nazungushwa. Kama mwanao amepewa kijitabu hicho, mpe ile namba ya hataza aitafute mtandaoni, jina la Grant limo. Na wewe unayehusika, najua unasoma humu: nijibu hapa hapa, lini mnasahihisha?