Kushtuliwa si kuogopa: tumechoka na sinema za kutisha tunazouziwa Mombasa

Assalam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, na wengine wote hamjambo. Jambo hili liko kifuani tangu Jumamosi usiku, na leo nalitoa.

Nilimchukua mke wangu tukaenda kutazama The Conjuring: Last Rites. Tuktuk kutoka Kisauni, tiketi mbili, bisi, maji, tuktuk ya kurudi, karibu shilingi 2,000 zikaenda. Pesa sizililii. Ninalolilia ni kwamba nilikaa saa mbili na robo nikishtuliwa kila baada ya dakika chache, na sikuogopa hata mara moja. Si mimi, si yeye. Tulipofika nyumbani alizima taa akalala. Ni mke wangu huyu huyu ambaye baada ya ile ya kwanza, ya 2013, nilimsindikiza msalani wiki nzima.

Kiswahili chetu kimeshayatenganisha mambo haya mawili zamani. Kushtuka ni kwa mwili. Mlango ukibamizwa na upepo utashtuka. Bodaboda ikipasua ekzozi nyuma yako pale Mwembe Tayari utashtuka, na dakika ya pili unaendelea kuchagua viatu. Kuogopa hukufuata mpaka nyumbani. Kuogopa ndiko kunakokusimamisha sebuleni saa nane za usiku na gilasi ya maji mkononi, unajiuliza kama mlango wa uani uliufunga au hukuufunga.

Watengenezaji wamegundua kwamba kushtua ni rahisi. Wananyamazisha kila kitu, wanasogeza kamera mpaka kwenye shavu la mtu, wanahesabu moja, mbili, tatu, halafu ngoma na fidla zote zinabamizwa kwa pamoja. Mwili hauna hiari, utaruka tu. Ukiruka, wanaandika kwenye bango kwamba filamu inatisha. Ni sawa na kulipia nguru ukafungiwa magamba.

Na wanaweza, ndiyo maana nina hasira. Ile ya 2013 ya James Wan, mnalikumbuka tukio la makofi? Mama yuko peke yake juu ya ngazi za chumba cha chini, giza totoro, anawasha njiti ya kiberiti, na ubavuni mwake inatokea mikono miwili tu inapiga makofi. Huoni uso. Damu hakuna. Ni makofi yale yale ambayo watoto wake walikuwa wakiyacheza mchana, na kwa kuwa uliyaona mchana ukacheka nao, usiku yanakukata maini. Hii ya Last Rites, iliyoongozwa na Michael Chaves, imenipigia kelele saa mbili na robo na sasa hivi siwezi kukuelezea tukio moja lake likakusisimua.

Wala msiniambie zama zimebadilika. Mwaka wa 2025 Zach Cregger alitoa Weapons. Watoto 17 wa darasa moja wanaamka saa nane na dakika 17 za usiku, wanafungua milango ya nyumba zao wenyewe na kukimbilia gizani, mikono wameitanua. Hawalii. Hakuna anayewafukuza. Ina mishtuko yake pia, sikatai, lakini picha ile ya watoto haihitaji ngoma. Nina binti wa gredi ya tatu. Usiku ule niliamka mara mbili kwenda kupapasa komeo la mlango wake. Final Destination Bloodlines nayo nilikwenda nikarudi, haikuniachia kitu. Final Destination 2, ile ya 2003 yenye lori la magogo, mpaka leo hainiruhusu kuendesha nyuma ya trela pale Changamwe.

Filamu nitakayoitetea mbele ya yeyote ni Sinners ya Ryan Coogler. Wengi mmeisifu kwa sababu Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack, au kwa ule muziki wa Mississippi ya 1932. Mimi iliniingia kwa jambo moja: mnyonya damu hawezi kuingia ndani mpaka akaribishwe. Anasimama mlangoni, anatabasamu, anaomba kwa adabu. Kwa mtazamaji wa Marekani hilo ni sharti la hadithi za kale. Kwa Mswahili hiyo ni hodi. Sisi tumelelewa kwamba hodi ni mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka, na neno karibu likishatoka mdomoni halirudi, mgeni ameshakuwa wako. Kwa hiyo yule Remmick, mkuu wa wanyonya damu, anapofika mlangoni na wenzake wawili, na ala zao za muziki, wakiomba waingie wacheze, mimi niliyezaliwa Kibokoni jasho lilinitoka. Najua uzito wa neno wanalolitafuta. Najua pia jinsi lilivyo jepesi kutoka, maana sisi kumnyima mgeni tunaona aibu.

Na ni hapo hapo walipowasha taa.

Mapumziko! Mashetani wako mlangoni, hawajajibiwa, na ukumbi mzima unawaka kama nyumba ya harusi, kijana anapita na soda. Naijua asili ya mapumziko. Filamu za Kihindi za saa tatu zimeandikwa nayo ndani, mwandishi anajua pa kukatia na anakuachia fundo makusudi. Marehemu baba alikuwa akituhadithia siku za kumbi za Regal na Naaz, watu wanatoka nje wanakula viazi karai huku wakibishana Amitabh atajinasua vipi. Ilikuwa sehemu ya raha yenyewe. Lakini Coogler hakuandika mapumziko. Hofu aliyoijenga kwa saa nzima, tofali juu ya tofali, ikabomolewa kwa swichi moja ya ukutani. Taa zilipozimwa tena nilikuwa nimekaa natazama watu wanapigana. Nilimfuata msimamizi baadaye, akanijibu kwamba wateja wanataka kwenda msalani. Ukumbi siutaji jina. Waliokuwapo wanaujua.

Mwaka wa 2024 mambo yalikuwa haya haya. A Quiet Place: Day One, Lupita Nyong'o, mtoto wetu. Filamu ambayo ukitoa sauti unakufa! Yule dada karibu hazungumzi, hofu yote anaibeba kwa macho na pumzi, paka kifuani. Ilifika mahali ukumbi wote ulikuwa umeshika pumzi pamoja naye, na nadhani kwa wapenzi wa filamu hakuna ladha kuishinda hiyo, watu mia hawajuani na wote wameingia hofu moja. Safu ya nyuma simu ikalia kwa sauti yote. Mwenyewe akaipokea. Akaeleza yuko wapi, yuko na nani, na ufunguo wa stoo ameuweka wapi. Hakuna mfanyakazi aliyekuja. Nilipogeuka kumwambia kaka tafadhali, nikaambiwa mimi ndiye ninayepiga kelele.

Jumamosi hii ilikuwa zamu ya watoto. Wawili, na mkubwa hazidi miaka saba. Last Rites huko Marekani imepewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima, na Kenya tuna bodi ya kuainisha filamu yenye madaraja yake, 16 ipo, 18 ipo, hazikuwekwa kwa ajili ya pambo. Aliyekata tiketi aliwaona wale watoto kwa macho yake na akachukua pesa. Mdogo alilia tangu robo ya kwanza. Mama yake anatoka naye, anarudi naye, na kila mlango unapofunguliwa mwanga wa koridoni unamwagika juu ya pazia. Mama simlaumu kama ninavyomlaumu aliyemfungulia mlango. Mtoto yule, usiku ule na nyingine nyingi zinazokuja, atalala na nini kichwani?

Kuhusu giza sijamaliza. Nosferatu ya Robert Eggers sikuiona, na nilikuwa ndani ya ukumbi mwanzo mpaka mwisho. Filamu ile imepigwa kwa mishumaa na rangi ya mbalamwezi, nusu yake ni vivuli, na juu ya pazia letu vivuli vyote viliungana vikawa lami. Mimi nafanya kazi ya taa na sauti kwenye harusi na mikutano, nakijua kidogo chombo hiki. Taa ya zenoni ya projekta hufifia kadiri saa zake zinavyokwenda, nayo ni ghali, basi mwenye ukumbi anaisukuma mpaka tone la mwisho. Au lenzi ya filamu za 3D inaachwa mahali pake filamu ya kawaida ikionyeshwa, na nuru nyingi inapotelea humo. Filamu ya rangi na jua mchana utaistahimili hivyo hivyo. Filamu ya giza ikipigwa kwa taa iliyochoka inageuka redio. Ile Nosferatu ya zamani ya Murnau, ya 1922, haikuwa na sauti ya mtu hata moja, na kile kivuli chake kinachopanda ngazi kimetisha watu kwa miaka 100 na zaidi. Sisi tumepewa sauti tukanyimwa kivuli.

Sasa nigeukie nyumbani, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Vijana wetu wa Pwani wanaotengeneza filamu za majini, nawapenda na nawatazama wote, lakini jamani. Jini amepakwa unga usoni, kavaa lenzi nyekundu machoni, anacheka kicheko cha mwangwi, na kila akitokea inapigwa ile ngurumo mliyoipakua kwenye intaneti. Mmeiga kushtua kwa wenzenu, tena bila pesa zao. Nani aliwaambia jini wa Pwani ana meno?

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitukalisha barazani umeme ukikatika. Paukwa, pakawa, halafu anashusha sauti mpaka sisi wenyewe tunasogea kumfuata. Alituhadithia yule dereva wa teksi aliyempakia mwanamke usiku kando ya mibuyu ya Mama Ngina. Buibui safi, udi unanukia, sauti ya heshima, anaita mwanangu. Wanazungumza vizuri tu njia nzima, habari za watoto, habari za bei ya unga. Anaposhuka anashika ukingo wa buibui asikanyage, na dereva anaona kwato. Nyanya alikuwa akinyamaza hapo. Hakusema dereva alipiga kelele, hakusema alikufa. Alikuwa akinyanyuka kwenda kuangalia chungu chake jikoni, akituacha sisi kumi barazani na giza la Kibokoni, na mwanamke yeyote aliyepita kichochoroni usiku ule tulimtazama miguu.

Hadithi hiyo kila nyumba ya Mombasa inayo kwa namna yake. Haihitaji kompyuta. Inahitaji teksi moja, mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri, na mtengenezaji mwenye subira ya kutuacha tusikilize habari za bei ya unga.

Na wageni wameshalijua hili kabla yetu. Get Out ya Jordan Peele, ya 2017, iliyompa Oscar ya uandishi, majina yake ya mwanzo yanapita juu ya wimbo wa Kiswahili. Sikiliza kwa Wahenga, wa Michael Abels. Sauti za chini, zinanong'ona, zinamuonya ndugu akimbie. Kijana mwenyewe ndani ya filamu hajui kitu, na watazamaji wengi wa Marekani walisikia lugha tu isiyojulikana. Sisi tulielewa. Dunia nzima ni sisi tulioambiwa mapema kwamba kijana yule anakwenda kwenye hatari, na tukakaa na siri hiyo tumboni filamu nzima. Nilipousikia mara ya kwanza nywele zilisimama, kisha nikakasirika. Mtu wa Marekani amejua kwamba Kiswahili kikinong'onwa kinatisha, na sisi wenye lugha tunakipigia ngurumo ya kuazima!

Ninachotaka kinajulikana. Wenye kumbi: badilisheni taa ya projekta, toeni lenzi isiyotakiwa, msikate filamu ambayo haikuandikiwa mapumziko, wekeni mtu mmoja ndani wa kushughulika na simu, na mtoto wa miaka saba mrudisheni kwao na pesa yake mkononi. Haya hayahitaji mhisani wala bajeti ya kaunti. Nimewaandikia wahusika barua pepe mbili tangu ile Sinners, ya kwanza kwa upole, ya pili si kwa upole, na sijapata jibu hata la nimepokea.

Aliyekuwa kwenye onyesho la saa mbili na nusu usiku Jumamosi aandike aliyoyaona, nisije nikaambiwa nimezua. Na anayejua ukumbi wowote kuanzia Likoni mpaka Mtwapa unaofunga mlango, unaozima taa na usioikata filamu, autaje hapa. Nitaipanda feri usiku huo huo.