Je, ni kweli kwamba surua ilitoka kwa ng'ombe?

Baba Mlezi, Chamwino
Habari zenu, wanajukwaa. Babu yangu, ambaye amechunga ng'ombe tangu utotoni, alinisikia nikimkumbusha mke wangu tarehe ya chanjo ya mtoto, akasema kuwa surua na sotoka, ule ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe, ni ndugu wa tumbo moja. Naomba mwenye elimu anieleze kama ndivyo, na kama sotoka imekwisha, mbona surua bado ipo?

Afisa Mifugo, Kongwa
Ndugu, babu hakukosea. Kirusi cha surua na kile cha sotoka vina asili moja, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 unakadiria kwamba huenda vilitengana yapata karne ya 6 kabla ya Kristo, wakati miji mikubwa ilipoanza kuwapo. Miji ina maana hapa, kwa sababu aliyepona surua haugui tena, hivyo kirusi hiki hakiwezi kudumu pasipo watoto wapya wanaozaliwa mfululizo katika jamii ya mamia ya maelfu ya watu. Katika visiwa vya Faroe surua ilipotea kwa miaka 65, kisha ikaingia na msafiri mwaka 1846 na kuwaangusha watu wapatao 6,000 kati ya 7,800, ila wazee waliougua mwaka 1781 haikuwagusa. Sotoka nayo, iliyomaliza mifugo ya Wagogo na Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Muuguzi wa Kliniki ya Watoto, Dodoma Mjini
Nijibu swali la pili. Mgonjwa wa surua huambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea, wakati mama anadhani ni mafua tu, na kirusi huweza kubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Ndiyo maana panahitajika watoto 95 katika kila 100 wapate dozi zote mbili, ambazo kwetu hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Ile ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea na mama yuko shambani. Nawasihi pia msimtilie mgonjwa dawa za majani machoni, kwani surua yenyewe hudhuru macho na majani huongeza vidonda. Mleteni apewe vitamini A.

Baba Mlezi, Chamwino
Nawashukuru sana. Dada muuguzi, nakiri kwamba mkubwa wa huyo mtoto wetu ana miaka miwili na nusu na hiyo dozi ya pili hakuipata. Je, tumeshachelewa?

Muuguzi wa Kliniki ya Watoto, Dodoma Mjini
Hamjachelewa, kaka. Mleteni pamoja na mdogo wake, na msisahau kadi zao zote mbili.