Paiki: Shannon ya Ayalandi au Mälaren ya Uswidi? Nakata tiketi Ijumaa

MshipiMkavu
Wakuu, habari za leo. Nimepata likizo ya wiki moja na nimeapa safari hii sirudi bila picha ya paiki (yule samaki wa maji baridi mwenye meno makali, anayekula samaki wenzake) wa mita nzima. Nimebaki na sehemu mbili: mto Shannon kule Ayalandi, au ziwa Mälaren, Uswidi. Mandhari nayo iwe ya kueleweka, maana naenda na mke wangu na yeye havui. Nielekee wapi?

Mzee_Kijiko
Mwezi gani? Ukingoni au kwenye boti? Una vifaa vyako au utakodi? Umewahi kumshika paiki hata mmoja? Umekuja kwa fundi kushona suti, vipimo umeviacha nyumbani.

Ndoana3
Uswidi, wala usijiumize kichwa. Mälaren ni mojawapo ya maziwa matano makubwa ambayo mtu yeyote, hata mgeni, anavua kwa fimbo bila kibali. Mengine ni Vänern, Vättern, Hjälmaren na Storsjön. Pwani pia ni hivyohivyo. Nje ya hapo kila ziwa lina wenyewe, unakata kadi. Kwangu mimi ghuba moja ya matete asubuhi, ukungu haujainuka, inatosha kuwa likizo.

BintiShannon
Kaka Ndoana3, unasema kana kwamba Ayalandi kuna mlinzi getini. Leseni ya Jamhuri ya Ayalandi ni ya salmoni na trauti wa baharini, paiki hamo. Maji ya klabu au ya mtu binafsi yana utaratibu wake, hilo uliza kabla. Halafu Shannon si mto tu. Maziwa ya Lough Allen, Lough Ree na Lough Derg yote yamo kwenye mkondo huohuo. Mnakodi boti ya kulala, hawadai leseni ya unahodha, wanakuelekeza pale gatini kisha mnaondoka. Shemeji havui? Atakaa juu na chai yake aitazame minara ya monasteri ya kale ya Clonmacnoise ikipita. Mälaren atatazama nini, matete?

Ndoana3
Mälaren ina visiwa na makasri ukingoni, dada. Tusidanganyane.

MshipiMkavu
Samahanini, nilisahau. Ni Julai. Nataka ukingoni kwa sababu sijui kuogelea. Vifaa ninavyo, ila vya sangara. Paiki sijawahi.

Mzee_Kijiko
Julai! Ndiyo maana nilikuuliza. Paiki hutaga mapema maji yanapoanza kupata joto, kwenye majani ya kina kifupi, na wale wakubwa karibu wote ni majike. Ikifika Julai mkubwa keshateremka kwenye kina chenye ubaridi, na wewe wa ukingoni utabaki na vijana wa sentimita 50. Hata ukimpata mama mwenyewe, maji ya moto yana oksijeni kidogo. Akishapigana dakika kumi ukamwachia, anaweza kuondoka vizuri akafia mbele. Sogeza likizo hadi Oktoba, ndipo tuanze kubishana nchi.

MshipiMkavu
Mzee shikamoo, likizo haisogei. Bosi keshasaini.

PolePole_Mvuvi
Ngoja nikusimulie yangu, maana hapa watu wanakupa ramani tu. Mwaka juzi nilikwenda Uswidi, mwezi huohuo wako. Nilikodi boti kwa mtu, jina naliacha, kwa kuangalia picha. Kufika, picha ni ya boti nyingine. Hii ilikuwa ya alumini, sakafu kavu imepata jua tangu asubuhi, kipima kina hakiwaki, wavu wa kuopolea mdogo kama wa kutoa dagaa kwenye ndoo. Nikasema potelea mbali, nimeshalipa.

Siku ya kwanza nilifunga nailoni nene, nikidharau waya. Samaki watatu walikata. Hausikii mvutano wala nini, mshipi unarudi mwepesi na ncha imechanwa kama uzi uliotafunwa na mbuzi. Siku ya pili nikafunga waya. Saa tano akaja mmoja, mrefu kuliko mguu wangu. Wavu haukumtosha, nikamkokota kwa mkono nikamlaza pale kwenye alumini. Chambo changu cha plastiki kilikuwa na ndoana mbili za makucha matatu. Ya mbele ilikuwa kwenye taya lake, ya nyuma inaning'inia. Nikainama na koleo fupi la nyumbani. Akapiga mkia mara moja tu. Ile ya nyuma ikaingia kwenye kidole gumba hadi ikapita mwiba wake.

Sasa mko wawili kwenye ndoana moja, na mwenzako ana kilo nane na hataki kutulia. Kila akijipinda, naruka naye. Mkono mmoja nimemkandamiza, mwingine umefungwa kwake, koleo limeangukia chini ya kiti. Rafiki yangu alikata mshipi, kumbe haisaidii kitu, shida ni ndoana. Alihangaika na kisu hadi akatenganisha pete ya chambo. Samaki alirudi majini akiwa hoi, sijui kama alipona. Mimi nilipelekwa zahanati na ndoana yangu kidoleni. Mwenye boti alichouliza ni kwa nini kuna damu kwenye kiti.

Kwa hiyo kabla ya nchi: koleo refu, mkasi wa chuma wa kukata ndoana, mkeka uliolowana wa kumlazia samaki, na ndoana uzibonyeze miiba.

BintiShannon
Pole sana kaka. Ila hiyo ni hoja ya vifaa, si ya Uswidi.

Chukuchuku
Jamani, mbona wote mnaachia? Samaki ni wa kuliwa. Paiki ana miba ya panda, ndiyo, lakini ukisaga minofu ukafanya kababu hutamwona mtu anaulizia miba.

BintiShannon
Ayalandi unaruhusiwa mmoja kwa siku, asizidi sentimita 50. Na chambo cha samaki hai ni marufuku. Mkubwa anarudi majini, hakuna mjadala.

Chukuchuku
Mkubwa anarudi, wakati kwenye ziwa la Lough Corrib, hukohuko Ayalandi, miaka nenda rudi wenye mamlaka wamewatoa paiki kwa nyavu ili trauti wapone? Mgeni aliyeletwa na wazungu wa zamani analindwa kuliko mwenyeji!

BintiShannon
Hilo la kuletwa limeshatiwa shaka. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha baadhi ya paiki wa Ayalandi huenda walifika wenyewe maelfu ya miaka iliyopita. Na hizo nyavu wavuvi wa paiki wamezipigia kelele sana.

Ndoana3
Hao wa trauti wanapenda kulalamika tu.

Mzee_Kijiko
Na kama mnashindana ukubwa, paiki wa rekodi ya dunia, kilo 25, alitoka Grefeern, Ujerumani, mwaka 1986. Wote wawili mmeshindwa.

Ndoana3
Mzee umeanza.

Chukuchuku
Kilo 25 ni kababu ngapi hizo?

MshipiMkavu
Wakuu, mke wangu amesoma yote. Amesema boti ya kulala anaipenda, ila ile habari ya kidole imemtisha. Huo waya uwe na urefu gani?

PolePole_Mvuvi
Sentimita 30 usishuke. Mimi sasa natumia 50.

Mzee_Kijiko
Na jaketi la kuokolea, wewe usiyejua kuogelea.