Siku mbili Kigoma na mama: tuanzie wapi?

Msafiri wa Tabora: Habari wakuu. Nashuka Kigoma kwa treni na mama yangu, miguu inamsumbua, kwa hiyo Gombe, ile hifadhi ya sokwe, hatuiwezi. Mjini na Ujiji kuna nini?

Binti Kibirizi: Karibuni sana! Nimekulia mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, na kwangu hapo ndipo pa kuanzia. Mlete mama alfajiri, mitumbwi ikirudi na taa zake. Dagaa wanaanikwa hapo hapo, kina mama wanawageuza kwa mkono huku wakitoa takataka, na wakikauka vizuri wanang'aa kama fedha. Ila angalieni mwezi kabla ya kukata tiketi. Kukiwa na mbalamwezi, dagaa hawafuati taa na wavuvi wengi hawaingii ziwani. Njooni siku za giza. Mchana mleni samaki mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, msikubali chipsi!

Mzee wa Reli: Stesheni mtakayoshukia ilijengwa na Wajerumani, msiipite mbio. Ujiji kuna makumbusho pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mwulizeni mwongozaji pia habari za watumwa na pembe za ndovu zilizopita njia ile ya misafara hadi Tabora kwenu. Hiyo ndiyo historia yetu hasa.

Msafiri wa Tabora: Shikamoo mzee, asante. Na Liemba, ile meli ya zamani ya Ziwa Tanganyika?

Mzee wa Reli: Marahaba. Iliundwa Ujerumani 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924. Ulizeni bandarini kama ipo.