Fundi katuambia seva imezeeka, tununue mpya ya milioni 4.5. Kumbe!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Niko ofisi ya safari hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Tangu Juni wageni walipoanza kumiminika, ikifika saa tatu asubuhi seva yetu ya faili inakufa ganzi. Unabofya folda, unaenda kunywa chai, unarudi bado inazunguka. Juzi dereva kakwama loji ya Tarangire na wageni 6, anasubiri vocha, na vocha imo humo humo kwenye seva. Aliyetukanwa ni mimi.

Fundi aliyetufungia hiyo seva kila akiitwa anazima, anawasha, anabeba laki moja. Kaja mara nne. Ya mwisho akamwambia bosi, "Mama, prosesa imeisha hii." Prosesa inaisha kama sabuni?

Jumatatu nikakaa mwenyewe mbele ya seva kuisubiri saa tatu. Nikaandika top, amri ya kuonyesha nani anakula prosesa: smbd moja imekalia asilimia 99. Smbd ni kipande cha Samba, programu ya seva inayogawa faili kwa kompyuta za ofisi; kila kompyuta ina smbd yake. Nikaitafuta namba yake kwenye smbstatus, orodha ya nani kaunganishwa na Samba, ikanipeleka kwenye kompyuta ya dada wa mauzo. Dada wa watu alikuwa anapandisha picha za wageni. Folda moja, picha 80,000 na ushee, zimerundikwa humo tangu 2016.

Sasa sikieni. Kompyuta zetu ni Windows, haijali herufi kubwa wala ndogo kwenye jina la faili; seva ni Linux, inajali. Samba ikiulizwa "SIMBA.jpg ipo?" na isiikute kwa jina hilo, lazima ipekue majina yote 80,000 isije ikawa kuna "Simba.jpg" au "simba.jpg". Na picha mpya haipo bado, kwa hiyo kila moja inapekuliwa hivyo. Dada alikuwa na picha 300.

Halafu nafungua smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, nakuta log level = 10, yaani kiwango cha kuandika kumbukumbu za kila inachofanya. Kumi! Mwongozo wa Samba wenyewe unasema kupita 3 ni kwa ajili ya wanaoiandika hiyo programu. Fundi alijaribishia siku ya kufunga akasahau, seva ikawa inaandika kila inachohema.

Nimerudisha 1, picha nimezigawa kwa mwaka na mwezi. Leo saa tatu prosesa haijavuka asilimia 15. Mashine ile ile "iliyoisha".

Na mchana huu fundi kaleta ankara: "ukaguzi wa seva, 250,000/=". Bosi anataka alipe yaishe. Nimeificha kwenye droo yangu.