Nimeombwa kuingia bodi ya kikundi kidogo cha dansi huku Marekani, fomu zao za kodi zimenipa wasiwasi. Naomba ushauri

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Naishi Marekani, na kuna kikundi kidogo cha dansi na maigizo, shirika lisilo la kibiashara, kimeniomba niwe mjumbe wa bodi. Nakipenda sana, maonyesho yao nimeyafuatilia kwa miaka.

Kabla ya kujibu niliingia tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, pale wanapoorodhesha mashirika yaliyosamehewa kodi, nikapakua fomu zao za 990-EZ, yaani taarifa ya hesabu ambayo mashirika madogo kama hili huwasilisha kila mwaka. Ya karibuni inaonyesha mapato dola 112,000, matumizi dola 131,000. Mwaka wa nyuma yake walikuwa na ziada nzuri tu. Halafu mstari wa 38 wamejibu "ndiyo": kikundi kimekopa dola 15,000 kutoka kwa mkurugenzi wake.

Mimi si mhasibu. Hapa kuna shirika linalozama, au ndivyo vikundi vya sanaa vinavyoishi? Na nikiwauliza, si wataona nimekuja kuwapekua?

Kibwebwe
Kaa mbali. Kikundi kinachomkopa bosi wake hakina hela, na ukishaingia bodi matatizo yao ni yako.

Daftari Kuu
Kibwebwe, tusimtishe mwenzetu mapema hivyo. Mleta uzi, angalia juu kabisa ya fomu, kipengele G, uone kama vitabu vyao ni vya fedha taslimu, yaani huandika hela pale tu inapoingia au kutoka, au la. Kama si vya taslimu, ruzuku ya miaka miwili ikishaahidiwa bila masharti huandikwa yote kuwa mapato ya mwaka ule ule wa ahadi. Mwaka unaofuata wanalipa wachezaji, ukumbi, fundi wa taa, na upande wa mapato hakuna kipya. Karatasi inasoma nakisi ilhali mpango unakwenda kama ulivyopangwa. Ziada mwaka huu, nakisi mwaka unaofuata: nimeiona sana kwenye vikundi vya jukwaani.

Kisha nenda Sehemu ya II, mstari wa 22. Kuna safu mbili, fedha za mwanzo wa mwaka na za mwisho wa mwaka. Hapo ndipo utajua kama wanaishiwa kweli.

Jambo jingine, kazi ya kujitolea haihesabiwi kuwa mapato kwenye fomu hizi, wala ukumbi wa mazoezi waliopewa bure. Kikundi ambacho mavazi yake yote yanashonwa na wazazi wa wachezaji kitaonekana kidogo kuliko kilivyo.

Mama Jukwaa
Mwanangu, uliza bila aibu. Sheria yenyewe inawalazimisha kumwonyesha mtu yeyote fomu za miaka mitatu ya karibuni. Ukiomba nakala kwa maandishi wana siku 30 za kukupa. Majina ya wachangiaji tu ndiyo wanaruhusiwa kuyafunika. Anayealikwa kwenye bodi anaweza kuomba kuona zaidi ya hapo, na mkurugenzi akinuna kwa swali la hesabu, jibu lako umeshalipata.

Angalia na tarehe. Vikundi vingi vya sanaa mwaka wao wa fedha ni Julai hadi Juni. Fomu ya 2022 basi inaishia Juni 2023, na kwa nyongeza ya muda wanaweza kuiwasilisha hadi Mei 2024. Unasoma habari za zamani. Waombe taarifa ya mwezi uliopita.

Daftari Kuu
Nilisahau mkopo. Lazima kuna Jedwali L, karatasi ya maelezo ya mikopo ya namna hiyo, limeambatishwa kwenye fomu. Fungua Sehemu ya II, soma safu za mwisho: mkopo umekiuka masharti ya kulipwa? Bodi iliuidhinisha? Kuna mkataba wa maandishi?

Mleta uzi
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Kipengele G si taslimu. Fedha zilishuka kutoka dola 41,000 hadi 33,000, kwa hiyo si kama nilivyoogopa. Jedwali L: kukiuka hapana, mkataba ndiyo, bodi kuidhinisha HAPANA.

Mama Jukwaa
Hiyo "hapana" ndiyo ya kushughulikia. Pengine aliokoa onyesho wakati mishahara imekwama, na moyo huo ni wa kuheshimiwa. Lakini mkopo wa mkurugenzi ambao bodi haikuupitisha unaonyesha bodi imelala. Omba kumbukumbu za vikao vya mwaka mzima. Kama hazipo, au vikao vyenyewe vilikuwa viwili, huko ndiko tatizo liliko.

Kibwebwe
Kwa hizo namba narudi nyuma kidogo. Ila uliza kodi inayokatwa kwenye mishahara kama inafika IRS kwa wakati. Hilo deni halichezewi, IRS inaweza kumdai binafsi aliyekuwa na jukumu la kulipa. Na uliza kama wana bima ya wajumbe wa bodi.

Daftari Kuu
Ningekuwa wewe ningekubali kwa sharti moja: kikao cha kwanza kijadili mkopo ule, mkurugenzi akae nje wakati wa kura, na kiwekwe ratiba ya kumlipa. Wakikubali, ingia. Kikundi hicho kinahitaji mtu anayesoma hadi mstari wa 38.

Mleta uzi
Nimemwandikia mwenyekiti sasa hivi, nimeomba kumbukumbu za vikao na taarifa ya benki. Sharti la Daftari Kuu nimeliweka kama lilivyo. Akijibu nitaleta mrejesho.